Kuvu kwenye kempa: tafuta maji kwanza, spreyi baadaye

Wenye kempa, yale magari yenye kitanda na jiko ndani, huku Uingereza, na nyie wa Ujerumani, Uholanzi na kote ambako baridi ni baridi kweli, hii ni yenu. Nataka tuongee kuhusu kuvu, ule ukungu mweusi unaoota kwenye kona za kitanda na kwenye raba za madirisha, kwasababu watu wetu wengi siku hizi wananunua kempa za mitumba, nzuri tu, wanazitumia majira ya joto wanafurahi na watoto, alafu zinafungwa mwezi wa kumi na mwezi wa tatu mlango ukifunguliwa inatoka harufu ya stoo iliyosahaulika, na kinachokimbiliwa ni spreyi ya dukani. Spreyi inasubiri. Kwanza ujue maji yanatoka wapi, maana pasipo na maji kuvu haioti, na penye maji utaua leo wiki mbili mbele imerudi pale pale.

Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, huwezi kuzimaliza. Chakula chake nacho kimejaa humo ndani, plaiwudi ya kuta, gundi, vitambaa vya viti, vumbi, mafuta yaliyoruka wakati wa kukaanga, hata ngozi zetu zinazopukutika kitandani. Joto linaloitosha ni hili hili linalotutosha sisi. Kilichobaki mikononi mwako ni maji tu, na sio lazima yawe ya kumwagika, unyevu wa hewa ukizidi asilimia 80 pale ukutani ukakaa hivyo siku kadhaa, imetosha. EPA, shirika la mazingira la Marekani, wanashauri unyevu wa ndani uwe chini ya asilimia 60, ikiwezekana kati ya 30 na 50, na kitu kilicholowa kikaushwe ndani ya saa 24 mpaka 48. Nunua haigromita, kile kidude kidogo cha kupima unyevu, ni bei ya chakula cha mchana, kiweke karibu na kitanda na sio juu ya jiko. Bila hicho unakisia tu.

Sasa maji ni ya aina mbili, ya kwetu wenyewe na ya mvua, na dawa zake ni tofauti kabisa. Kuzijua sio ngumu. Kama kuvu imetapakaa sehemu nyingi kidogo kidogo, vidoti vidoti, nyuma ya mito ya viti, ndani ya makabati ya juu, chini ya godoro, kwenye raba za madirisha, na inakuja wakati wa baridi tu, hayo ni maji yenu. Kama iko sehemu moja, kuna duara la kahawia kama chai imemwagika, ukuta umelegea au umevimba, na mvua ikipiga hali inakuwa mbaya hata mwezi wa saba, hapo paa au dirisha linavuja. Na inawezekana kabisa ukawa na yote mawili kwa pamoja, hasa gari la miaka mingi.

Maji yetu wenyewe

Watu wawili wakilala humo masaa nane, kwa pumzi na jasho peke yake wanaacha zaidi ya nusu lita ya maji hewani. Hapo hamjapika, hamjaoga, hamjaingia na makoti ya mvua. Nyumba ya kawaida inaweza kuumeza huo unyevu usione kitu, kempa ni chumba kidogo kuta nyembamba, kwahiyo maji yanatafuta sehemu yenye baridi kuliko zote yanatua hapo, kama glasi ya maji ya baridi mezani mchana wa Dar inavyotoa jasho kwa nje na haijavuja hata tone. Hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 60 ikigusa kitu chenye nyuzi 12 kwenda chini, inaachia maji. Kioo cha mbele cha dereva usiku wa mwezi wa kwanza kiko chini ya hapo kwa mbali, fremu za chuma vile vile, na ubao ulio chini ya godoro pia.

Huo ubao wa godoro nausisitiza kwasababu ndio unaosahaulika. Kile kitanda cha juu ya dereva, godoro limelala moja kwa moja juu ya ubao, chini ya ubao ni paa la kebini na nje ni barafu. Joto la mwili linasukuma mvuke kupitia kwenye sponji unashuka mpaka unakutana na ubao wa baridi, unageuka maji hapo hapo. Shuka kwa juu ni kavu kabisa. Inua kona ya godoro asubuhi, pitisha kiganja upande wa chini, utakuta kitambaa kimelowa na ubao unang'aa, na kama imeshakaa wiki kadhaa utaona vidoti vya kijivu vimejipanga kufuata umbo la mtu aliyelala. Dawa ni kuliinua godoro hewa ipite, ama chaga za mbao, ama zile springi za plastiki za Froli, ama ule wavu mnene wa sentimita moja au mbili unaouzwa kwa ajili ya boti na karavani, zile nyumba za kuvutwa na gari. Na asubuhi mkiamka msitandike hapo hapo, simamisha godoro lipumue wakati mnakunywa chai.

Alafu kuna gesi, na hili wengi hawalijui. Gesi ikiungua inatengeneza maji. Kilo moja ya propani ikiungua inatoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji, ni kemia tu, hidrojeni iliyomo kwenye gesi inaungana na oksijeni ya hewani. Hita zilizofungwa rasmi kwenye gari, kama zile za gesi za Truma au za dizeli za Webasto, moshi na mvuke wake unatoka nje kwa bomba lake mwenyewe na wewe unabaki na joto kavu, hizo hazina neno, zitumie. Shida ni moto ulio wazi, yani jiko, na vile vihita vya gesi vya kubeba ambavyo watu wanaviwasha ndani kuokoa hela. Vihita hivyo vinakumwagia maji ndani ya gari na vinaweza kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Tafadhali msiwashe, na msitumie jiko kujipasha joto. Na hata kama huna hivyo vihita, weka alamu ya kaboni monoksaidi.

Tukija kwenye kupika, sisi tuna mapishi marefu. Maharage masaa mawili juu ya gesi ndani ya kempa iliyofungwa, unapata mvuke wa sufuria na mvuke wa gesi kwa pamoja, madirisha yote yanatiririka. Chemsha maharage nyumbani, gandisha kwenye vikopo, kule ukayaunge tu nazi. Wali upike na kifuniko na dirisha la paa liwe wazi tangu unapowasha moto, sio ukishaona ukungu kwenye vioo. Chapati hazina mvuke sana ila zina mafuta ya kuruka, na mafuta yakikaa ukutani na vumbi ndio shamba la kuvu, kwahiyo futa ukuta wa karibu na jiko kwa sabuni ya vyombo kila safari ikiisha.

Fungua dirisha hata kama nje kuna baridi

Hapa ndio wengi tunagoma, na naelewa kwanini. Sisi tuliokulia pwani tunajua masika ukifungua madirisha hukaushi kitu, nguo kabatini zinapata ukungu vile vile, maana hewa ya nje yenyewe imebeba maji. Huku hesabu imegeuka. Mita moja ya ujazo ya hewa ya nyuzi 30 inaweza kubeba gramu 30 hivi za maji, ya nyuzi 20 gramu 17, ya nyuzi 5 inabeba kama gramu 7 tu. Kwahiyo hewa ya nje ya nyuzi 5, hata kama mvua inanyesha na unaona dunia nzima imelowa, ukiiingiza ndani na hita ikaipasha mpaka nyuzi 20 unyevu wake unashuka chini ya asilimia 40. Ni hewa kavu. Ile uliyonayo ndani umeipumua usiku kucha ndio yenye maji, itoe.

Namna ya kuitoa ni hii, asubuhi futa vioo na fremu kwa kitambaa cha maikrofaiba, kamulia nje na sio kwenye sinki, alafu fungua dirisha la paa na dirisha moja la chini upande wa pili hewa ipite, dakika kumi, hita ikiwa inawaka. Ndio, hita inawaka na dirisha liko wazi, sio upotevu, hewa nyingi iliyobadilika ni nyepesi kupata joto na kuta na makabati bado yameshika joto lake. Usiku dirisha la paa liache limeinuka kidogo. Na hita usiizime kabisa usiku alafu asubuhi ukaiwasha kwa nguvu, afadhali iendelee kwa chini chini kwasababu kuta zikipoa ndio maji yanapotua.

Matundu ya hewa ya sakafuni na yale ya juu yasiyofungika usiyazibe. Najua yanaleta upepo miguuni, najua. Yamewekwa kwa ajili ya uhai wako, gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa ikivuja inashuka na kutokea pale chini, na huku Ulaya kuna kiwango kabisa kinachohusu hilo, EN 721. Nimeona kempa ambayo mtu amejaza taulo kwenye matundu yote akidhani anazuia baridi, ndani mvua tupu, na hapo bado sijazungumzia hatari.

Kwenye vioo vya mbele, zile skrini za kuzuia baridi zinazovaliwa kwa nje zina kazi nzuri kuliko za ndani. Ya nje inakifanya kioo chenyewe kisipoe sana. Ya ndani inakiacha kioo kwenye baridi na hewa yenye mvuke inapita pembeni, unaitoa asubuhi kioo kinamiminika mpaka kwenye dashibodi. Kama una ya ndani tu basi itumie, ila ining'inize ikauke, usiikunje imelowa ukaiweka chini ya kiti.

Mambo mengine madogo, nguo zisianikwe ndani, viatu na makoti vikae bafuni na dirisha la bafu likiwa wazi na mlango umefungwa, makabati usiyashindilie mpaka nguo zikagusa ukuta wa nje, acha nafasi ya vidole viwili. Mito ya viti nayo isibanwe kwenye ukuta.

Mvua inayoingia

Hii ndio inayoua gari. Kuta za kempa nyingi ni tabaka, ngozi ya nje ya alumini au faibaglasi, katikati sponji ngumu na fremu, mara nyingi ya mbao hasa kwenye magari ya zamani, ndani plaiwudi nyembamba yenye karatasi ya mapambo. Maji yakishaingia katikati hayana pa kutokea. Mbao inaoza taratibu na wewe unaona karatasi safi tu, mpaka siku unaegemea ukuta unabonyea.

Na tundu haliko pale unapoona doa. Maji yanaingia kwenye skrubu ya dirisha la paa, yanatembea juu ya mbao mita nzima, yanatokea kwenye kabati la kona. Kwahiyo anza juu. Panda ngazi, usikanyage paa kama halijajengwa kukanyagwa, angalia kila sehemu paa lilipotobolewa au kuunganishwa, madirisha ya paa, antena, sola, reli ya kivuli cha pembeni, maungio ya kona, taa za juu nyuma, dirisha la kitanda cha juu ya dereva. Silanti, ile gundi ya kuziba maungio, ikichoka utaijua, ina nyufa ndogo kama matope yaliyokauka, au imeachia pembeni ukipitisha ukucha unaingia chini yake. Skrubu zenye kutu zinazotoa mstari wa kahawia ni ushahidi tosha. Fanya hivi mara mbili kwa mwaka, kabla ya baridi na baada.

Ndani tumia kidole gumba na pua. Bonyeza taratibu kuzunguka kila dirisha, kona za juu, ndani ya makabati, pembeni ya sakafu. Ukuta ambao haujaoza unajibu kwa ugumu ule ule, ukifika palipooza unazama kidogo na wakati mwingine unasikia kama karatasi ikikunjika. Kipimo cha unyevu cha sindano mbili kinasaidia, na mafundi wa huku wanasoma hivi: chini ya asilimia 15 safi, 15 mpaka 20 fuatilia, zaidi ya 20 maji yanaingia, 30 kwenda juu tegemea uharibifu wa ndani. Usichukue kipimo kimoja ukaogopa au ukafurahi, pima sehemu nyingi na linganisha, sehemu moja ikiruka kutoka 12 kwenda 24 hapo ndio pa kuchimba. Na ukipata tatizo usiloliona linapoanzia, mtu mmoja akae ndani na tochi, mwingine nje amwage maji ya mpira bila presha, aanze chini apande juu pole pole, sehemu kwa sehemu. Ile mashine ya kuoshea kwa presha usiielekeze kwenye maungio na raba, inasukuma maji mahali ambapo mvua isingefika.

Kuziba, toa silanti ya zamani yote kwa kikwangulio cha plastiki, safisha kwa spiriti, kausha, ndio upake mpya. Kupaka juu ya iliyopasuka ni kujidanganya. Silikoni ya bafuni achana nayo, haishiki vizuri gari likitikisika na mabaki yake yanazuia kitu kingine chochote kushika baadaye, fundi atakulaumu. Kuna bidhaa zake, huku wengi wanatumia Sikaflex-512 pamoja na utepe wa butili, ule laini unaonata, chini ya fremu, na ndugu zetu wa Marekani ambao paa zao nyingi ni za raba ya EPDM au TPO wanatumia silanti ya kujisawazisha yenyewe kama Dicor, cha muhimu soma kama inaendana na paa lako. Na muhimu kuliko yote, usizibe ukuta ambao bado umelowa kwa ndani. Kausha kwanza, hata kama itachukua wiki kadhaa na sehemu ya plaiwudi ikabidi ikatwe, ukiziba mapema umefungia maji na kuvu humo humo.

Kama ndio unanunua sasa, usilipe kabla ya kipimo cha unyevu. Huku Uingereza kuna ukaguzi wa kila mwaka wa sehemu ya kuishi ya kempa na ndani yake kuna kipimo hicho, muuzaji aliyetunza gari lake anazo karatasi, na kempa nyingi mpya dhamana yake ya maji kuingia inadai ukaguzi huo ufanyike kila mwaka, ukiruka umeipoteza. Ukiingia ndani ukakutana na manukato makali ya gari, au kona moja tu ina karatasi mpya ya ukutani na nyingine zote za zamani, au silanti imepakwa nene juu ya nyingine, uliza maswali, fungua makabati, inua magodoro. Mtu asiyetaka uinue godoro lake muage kwa heshima uondoke.

Kuisafisha iliyokwisha kuota

Kwa eneo dogo, EPA wanaweka mpaka wa kama mita moja ya mraba, unaweza kufanya mwenyewe. Zaidi ya hapo, au ikiwa imeingia ndani ya kuta, tafuta mtaalamu. Mwenye pumu, mwenye mapafu dhaifu, mtu anayetumia dawa zinazopunguza kinga, na watoto, wasiwepo kabisa siku ya kusafisha. Hili lisichukuliwe kirahisi. Huku Uingereza mtoto wa miaka miwili wa mji wa Rochdale, Awaab Ishak, alifariki Desemba 2020, na mwaka 2022 uchunguzi wa mahakama ukasema wazi kuwa ni ugonjwa wa kupumua uliotokana na kuishi muda mrefu kwenye nyumba yenye kuvu. Wazazi wake waliporipoti kuvu waliambiwa wapake rangi juu yake. Ndio maana nasema usipake rangi wala kubandika karatasi juu ya kuvu, hata kwenye kitu unachokitumia wikiendi tu, watoto wanalala na pua zao sentimita chache kutoka kwenye huo ukuta.

Vaa barakoa ya FFP2, ile ya N95 pia sawa, glavu na miwani, fungua madirisha na milango yote. Toa nje mito, mapazia, magodoro, mazulia. Usisugue kuvu ikiwa kavu na usiifagie, unarusha mbegu gari zima, ilowanishe kwanza kwa spreyi ya maji yenye sabuni. Sehemu ngumu kama plastiki, fremu, vioo na karatasi ya vinaili, maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo yanatoa karibu yote, futa kwa kitambaa, badilisha kitambaa mara kwa mara na ukimaliza kitupe kwenye mfuko uliofungwa. Kwenye raba za madirisha vidoti vinajificha kwenye mkunjo wa ndani, funua ule mdomo wa raba kwa kidole, pitisha mswaki wa zamani wenye sabuni. Baada ya sabuni waweza kupulizia siki nyeupe ukaiacha saa moja ukafuta, au hidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ukaiacha dakika kumi, ila hiyo inaweza kupausha vitambaa kwahiyo jaribu kona isiyoonekana. Spiriti ya asilimia 70 nayo inafanya kazi, ila inashika moto, hakikisha gesi imefungwa na hakuna kiberiti.

Jiki ndio kila mtu anaitaja. Kwenye plaiwudi na kitambaa inapausha rangi ya juu tu, maji yake yanazama kwenye mbao na kuilowanisha zaidi, doa limepotea macho lakini mzizi uko pale, na inakula alumini. Sioni sababu ya kuitumia kwenye kempa. Na kama utaitumia popote, usiichanganye kamwe na siki wala na kitu chenye amonia, inatoa gesi ya sumu, ndani ya chumba kidogo kama kile ni hatari kubwa.

Vitambaa vinavyofuliwa vifue nyuzi 60 kama lebo inaruhusu, vianike juani. Godoro la sponji ni habari nyingine, kama vidoti viko kwenye foronya ya nje tu fua foronya, sponji iweke juani na kwenye upepo siku kadhaa, lakini kama kuvu imeingia ndani ya sponji au harufu haitoki, tupa. Inauma kwasababu zile za kukatiwa umbo ni ghali, ila duka la sponji litakukatia mpya kwa kipimo cha ile ya zamani, na foronya yako ya zamani inaingia. Ukimaliza kila kitu kausha, hita na madirisha wazi au mashine ya kukausha hewa, mpaka haigromita ikae chini ya 60 yenyewe, ndio urudishe vitu ndani.

Kulifungia wakati wa baridi

Toa maji yote kwenye matanki, mabomba na boila, acha bomba za sinki wazi. Friji mlango uachwe umepachikwa wazi, ukifungwa utakuta msitu humo. Mito simamisha katikati ya gari isiguse ukuta, au ipeleke nyumbani kabisa, ndio bora. Milango ya makabati na droo wazi zote. Chakula na nguo hakuna kinachobaki. Kama unaifunika tumia kifuniko kinachopumua, turubai la nailoni linafungia unyevu.

Zile beseni za chumvi ya kalisiamu zinazovuta maji zinasaidia kidogo kwenye nafasi ndogo iliyofungwa, ila kempa ina matundu ya hewa, kwahiyo unajaribu kukausha hewa ya mtaa mzima, na yale maji yanayojaa kwenye beseni ni ya chumvi kali, yakimwagika yanakula chuma na zulia, weka ndani ya sinki. Ukiwa na umeme karibu, mashine ya kukausha hewa ni bora zaidi, ila chagua ya desikanti, ile inayonyonya unyevu kwa kemikali, inafanya kazi hata kwenye baridi ya nyuzi chache juu ya sifuri na inatoa joto kidogo, ya kompresa, inayopoza hewa kama friji, chini ya nyuzi 15 inachoka. Mpira wake wa kutolea maji uelekeze kwenye sinki. Na hata iwe imefungwa vizuri kiasi gani, mara moja kwa mwezi siku isiyo na mvua nenda ufungue milango na madirisha saa moja, pitisha kiganja kwenye kona zile zile, nusa makabati. Doa la juzi unalifuta kwa kitambaa, la miezi mitano unaliitia fundi.

Na nyie mnaozunguka nyumbani na Land Cruiser zenye hema la juu, mnazokodi Arusha au Nairobi, kwenu gari halifungiwi miezi ila turubai linakunjwa limelowa. Ukilala kambi ya Simba kule ukingoni mwa Ngorongoro, juu ya mita 2,000, asubuhi kuna ukungu na umande turubai linadondosha maji, na dereva anataka muondoke mapema. Kunja, haina jinsi, lakini mkifika kambi inayofuata lifungue hilo kwanza kabla ya kitu kingine, na godoro ulisimamishe, maana lile joto la mchana ndani ya hema lililokunjwa na maji ndio kuvu inalipenda. Likishaota, sabuni laini na brashi laini, likauke kabisa, alafu lipakwe upya dawa ya kuzuia maji, na hapo pia jiki ikae mbali kwasababu inadhoofisha uzi na kuondoa ule utando unaozuia mvua.